Injini iliyokata pumzi 7,800: kisa cha springi na ritena baada ya kubadilisha kamshafti

Gari lilikuja likitembea vizuri, na hilo ndilo lililokifanya kisa kiwe kigumu. Asubuhi linawaka mara moja. Likisimama, injini inatulia. Ukikanyaga, linavuta kwa hamu kuanzia mizunguko 4,500 kwa dakika na kuendelea, kama linavyopaswa kuvuta gari lililofungwa kamshafti kali (mhimili wenye nundu zinazozisukuma valvu zifunguke). Halafu mshale ukifika 7,800 linakata. Sio kukata kwa limita (kizuizi kinachoilinda injini isizidi kasi iliyopangwa), maana limita hukata kwa mdundo mmoja, sawasawa. Huku kulikuwa kukata kwa fujo: pa, papa, kimya, pa. Na ukiachia mafuta ghafla baada ya hapo, moshi kidogo wa bluu nyuma.

Injini ni ya silinda 4, lita 1.6, valvu 16 (milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi), kamshafti mbili juu ya hedi (kichwa cha injini, zinapokaa valvu), tapeti za ndoo (vikombe vilivyo kati ya nundu na valvu) zenye shimu (vipande vyembamba vya chuma) chini yake. Kiwandani ilipangiwa mwisho wa mizunguko 7,200 kwa dakika. Mwenye gari, kijana anayelitumia siku za kawaida na kulipeleka uwanjani mara chache kushindana na saa, alikuwa amefungiwa kamshafti mpya: mnyanyuo wa valvu wa milimita 9.6 badala ya 8.0, muda wa kufunguka nyuzi 272, na limita ikapandishwa hadi 8,200. Springi za valvu na ritena zikabaki zilezile. Aliyemfungia alimwambia za zamani zinatosha kwa sababu hazitabanana. Nitarudi kwenye kauli hiyo, maana nusu yake ilikuwa kweli, na nusu kweli ndiyo iliyomgharimu.

Kwa wasioishi ndani ya hedi: ritena ni kile kisahani cha juu kinachoikalia springi. Katikati kina tundu la mteremko, na ndani ya tundu hilo huingia koleti mbili ndogo zinazoshika mfereji wa shina la valvu. Springi inaisukuma ritena juu, ritena inazibana koleti, koleti zinalishika shina, valvu inakaa kwenye siti yake, mahali inapozibia. Vikiachana hivyo vinne, valvu inadondoka ndani ya silinda na hakuna tena cha kujadili.

Kabla hajanifikia, kila kitu kinachofungwa kwa boliti mbili kilikuwa kimeshabadilishwa: plagi, koili, pampu ya mafuta, hata sensa ya krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni). Mimi nilianza na jaribio lisilogharimu chochote. Niliipandisha injini taratibu gari likiwa halijatiwa gia, bila mzigo. Ikakata palepale, 7,800. Cheche dhaifu au mafuta haba huonekana zaidi injini ikiwa na mzigo, silinda ikijaa hewa na presha ikipanda. Ukiuondoa mzigo, ugonjwa hupoa au huhama. Huu haukuhama hata mizunguko 50. Ugonjwa unaofuata kasi peke yake, usiojali umekanyaga nusu au mpaka chini, nautafuta kwenye vitu vinavyopanda na kushuka. Jaribio lenyewe lifanywe mara moja, mara mbili basi. Injini isiyo na mzigo haipendi kasi hiyo.

Nikafungua kava, nikatoa kamshafti na tapeti, nikaanza kutoa springi moja moja.

Silinda ya kwanza na ya pili hazikuwa na cha kusema. Ya tatu, valvu ya kwanza ya kuingiza hewa, ndipo mkono uliposita. Sili ya valvu, inayozuia oili isishuke kwenye silinda, ikiwa nzima ina mdomo wa mpira uliolikumbatia shina, na juu ya mdomo huo kuna kipete chembamba cha springi kinachouzuia usilegee. Hii ilikuwa bapa juu, kama kofia iliyokaliwa na mtu mzito. Kipete kilikuwa kimetoka kwenye mfereji wake na kulala ubavuni. Nikaigeuza ritena iliyokuwa juu yake. Kwenye shingo ya chini, ile inayoning'inia ndani ya springi, kulikuwa na mviringo unaong'aa, upana wake kama nusu milimita, safi kama pete mpya. Valvu ya pili ya silinda hiyo: hivyohivyo. Moshi wa bluu, yaani oili inayoungua, ukawa umeshajieleza.

Hapo maswali yakawa mawili. Ritena ilifikaje kwenye sili? Na je, ndiyo hiyo inayokata injini, au hiyo ni dalili tu ya jambo jingine?

Nafasi kabla ya nguvu

Wengi tukisikia springi za kamshafti mpya tunawaza ukali. Mimi huanza na nafasi, kwa sababu nafasi haina mjadala: ipo au haipo. Kuna nafasi mbili za kupima, na watu hukumbuka moja.

Ya kwanza ni ya springi yenyewe. Kimo cha kufungia, yaani urefu wa springi valvu ikiwa imefunga, kwenye hedi hii kilikuwa milimita 34.5 kwa valvu nyingi. Niliibana springi ya zamani kwenye vaisi mpaka mizunguko ya waya wake yote ikagusana: milimita 23.4. Kwa hiyo ina safari ya 11.1. Ukitoa mnyanyuo wa 9.6, inabaki 1.5. Inatosha, ingawa ni mpaka wake. Chini ya hapo silali. Hii ndiyo nusu ya kweli katika ile kauli ya “hazitabanana”.

Nafasi ya pili ni kati ya shingo ya ritena na kichwa cha sili. Hii nilipima kwa venia (kipimio cha milimita), sili ikiwa imekaa mahali pake, ritena na koleti zimefungwa bila springi: 10.3. Ukitoa 9.6 inabaki 0.7. Hapo kwangu tayari ni kasoro, kwani nataka angalau 1.5. Lakini bado ni nafasi, haigusi. Ila silinda ya tatu ilikuwa na siri yake. Gaidi zake mbili za upande wa kuingiza hewa zilishawahi kubadilishwa, na aliyezigonga aliziacha juu kwa nusu milimita kuliko wenzake. (Gaidi hapa ni bomba linaloliongoza shina la valvu. Jina lilitoka kwenye gereji za Kiingereza likakutana na neno letu baya, na kwa kisa hiki lilistahili maana zote mbili.) Nusu milimita hiyo ilishusha nafasi hadi 0.2. Hata unene wa kucha haufiki.

Na hiyo 0.2 ni kwenye meza, injini ikiwa imelala. Valvu inayoendeshwa kwa kasi inaweza kwenda mbali kuliko nundu ya kamshafti inavyoituma. Kasi ikizidi nguvu ya springi, tapeti inaachana na nundu pale inapopita kilele, valvu inaruka kidogo zaidi ya mnyanyuo wake, halafu inarudi ikiwa imechelewa na kuipiga siti yake kwa nguvu, wakati mwingine ikadunda na kufunguka tena. Hiyo ndiyo tunaita valvu kuelea. Silinda isiyofunga kwa wakati haina kompresheni, na isiyo na kompresheni haiwaki: pa, papa, kimya. Ritena iliyogonga sili ilikuwa ushahidi kwamba valvu zilikuwa zinaruka. Sili iliuawa na mambo mawili kwa pamoja, gaidi ndefu na springi iliyoshindwa, na ukirekebisha moja ukaacha jingine gari linarudi.

Je, springi zilishindwa kweli?

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu hubashiri, na hakuna haja ya kubashiri. Hesabu ni ya darasa la fizikia la sekondari.

Kwanza nguvu iliyopo. Springi hizi zikiwa mpya zina nyutoni 160 kwa 34.5, na ugumu wa nyutoni 25 kwa kila milimita. Kwenye mnyanyuo wa 9.6 zingetoa 160 na 240, jumla 400. Lakini hizi zimezeeka. Sina mashine maalumu ya kupimia springi kila mahali ninapofanya kazi, na kwa kazi hii mizani ya kupimia uzito wa mtu, ikiwekwa chini ya mashine ya kutobolea ya mezani, inatosha: unateremsha mpaka urefu unaotaka, unasoma kilo. Kwa urefu wa 24.9, wastani wa springi 16 ulikuwa karibu kilo 37, yaani nyutoni 362. Zimepoteza karibu asilimia 10 ya nguvu. Hakuna iliyovunjika, hakuna iliyopinda, kwa macho zilikuwa nzuri kabisa.

Sasa nguvu inayohitajika. Niliweka saa ya kupimia umbali juu ya tapeti, nikaizungusha kamshafti kutoka kilele cha nundu kwa nyuzi 10 za kamshafti (sio za krenki, ukichanganya hapo jibu linakosea mara nne). Tapeti ilishuka milimita 0.31. Nyuzi 10 ni radiani 0.1745. Zidisha 0.31 mara 2, gawa kwa mraba wa 0.1745, unapata milimita 20.4 kwa radiani mraba. Krenki ikiwa 8,200, kamshafti, inayozunguka nusu ya kasi yake, iko 4,100, yaani radiani 429 kwa sekunde, na mraba wake ni kama 184,000. Ukizidisha, valvu inatakiwa kupunguzwa mwendo kwa mita 3,750 hivi kwa sekunde mraba. Ni karibu mara 380 ya mvuto wa dunia, na jambo hilo linatokea mara 68 kwa sekunde.

Uzito unaorushwa nao niliuweka kwenye mizani ndogo: valvu gramu 38, ritena 10, koleti mbili gramu 2, tapeti na shimu yake 40, na theluthi ya springi, maana springi upande mmoja imetulia na upande mwingine inakwenda mbio: 11. Jumla gramu 101. Kilo 0.101 mara 3,750 ni nyutoni 379.

Springi mpya za kiwandani zingekuwa na 400 dhidi ya 379: zinapita kwa nywele. Hizi za zamani zina 362. Zinashindwa. Ukiigeuza hesabu uitafute kasi ambayo 362 inatosha, inakuja kama 8,000. Injini ilianza kukata 7,800. Kwangu hiyo ni karibu vya kutosha, na tofauti ya 200 ninajua ilikoenda: springi sio kitu kigumu kinachobanwa chote kwa pamoja. Ukiipiga upande mmoja, mshtuko unasafiri kwenye mizunguko yake kama wimbi, unafika mwisho, unarudi. Springi hii ya gramu 33 ina mtetemo wake wa asili wa kama mara 435 kwa sekunde, na kamshafti inaichokoza bila kupumzika. Wakati wimbi linapita, nguvu halisi kwenye ritena inapanda na kushuka, na valvu haisubiri wastani. Inaachia pale nguvu inapokuwa chini kabisa. Ndiyo maana sichukui springi inayolingana na hesabu. Nataka akiba ya asilimia 25 hadi 40 juu yake. Isitoshe, hesabu hii inatazama kilele cha nundu tu. Mabega ya nundu yana tabia zake, na yeyote anayeuza kamshafti ana data kamili ya nundu yake. Ukiipata, tumia hiyo.

“Weka kali kabisa”

Nilipomwonyesha kijana karatasi, jibu lake lilikuwa lile ninalolisikia kila mara. “Fundi, basi tuweke zile kali kabisa, tumalize.”

Alikuwa ameshazitafuta: seti ya springi mbilimbili, ndogo ndani ya kubwa, na ritena za titani. Nyutoni 300 valvu ikiwa imefunga, 760 ikiwa wazi. Mara mbili ya kinachohitajika.

Nikamwambia, “Mdogo wangu, hizo 760 injini inazibeba wapi?”

Swali hilo halikuwa la mzaha. Kasi ikiwa kubwa, valvu inayotaka kuruka inaipunguzia nundu mzigo pale kileleni, kwani sehemu ya nguvu ya springi inatumika kuirudisha valvu. Kasi ikiwa ndogo hakuna msaada huo: injini ikinguruma taratibu asubuhi, oili bado nzito, kilele cha nundu kinabeba nyutoni zote 760 kwenye mstari mwembamba wa mgusano. Kwa hiyo springi kali kupita kiasi huila kamshafti kwenye foleni kabla haijaila uwanjani. Inaongeza joto, inakula nguvu za injini, inauvuta mkanda wa taiming, na kila valvu inapofunga inaipiga siti kwa uzito zaidi. Springi dhaifu inakuonya kwa kelele. Springi kali inakukata kimyakimya, na siku ukifungua kava unakuta nundu imekuwa duara.

Mwisho, kilichoizuia seti ile hakikuwa hoja yangu. Springi ya nje ilikuwa pana. Niliipaka wino, nikaivisha ndoo ya tapeti, nikaizungusha: wino ukabaki ukutani mwa ndoo. Springi inayogusa tapeti kwa ndani haifungwi, hata ungekuwa na hesabu nzuri namna gani. Niseme pia kwa haki upande wake: springi mbilimbili zina faida moja ya kweli. Moja ikivunjika, nyingine huishikilia valvu isidondoke, na msuguano kati ya hizo mbili hulipunguza lile wimbi. Kwenye injini ya mashindano matupu, yenye nafasi ya kutosha na inayofunguliwa kila baada ya muda, ningezifikiria.

Tulichochagua ni springi moja ya umbo la mzinga wa nyuki, pana chini na nyembamba juu, ya waya wa chuma chenye kromi na silikoni. Umbo hilo lina akili mbili. Kwa kuwa mizunguko haina kipenyo kimoja, haina mtetemo mmoja wa asili ambao kamshafti inaweza kuushika na kuukuza. Wimbi linakufa mapema. Na kwa kuwa juu ni nyembamba, ritena inakuwa ndogo, na ritena ndogo ni nyepesi bila kuhitaji madini ya ajabu. Hii ina nyutoni 200 kwa 34.5, ugumu wa 33 kwa milimita, na inabanana kwa 22.9. Kwenye 9.6 inatoa 517, na inabaki milimita 2.0 kabla ya kubanana. Sikutafuta nafasi kubwa zaidi ya hapo. Springi iliyoachiwa nafasi nyingi mno ikiwa wazi ina uhuru mwingi wa kutapatapa, na wajenzi wengi wa injini huipeleka makusudi karibu na kubanana ili mizunguko itulizane.

Gramu mbili za titani

Ritena ya chuma ya springi hii ina gramu 7, dhidi ya 10 za zamani. Kijana bado alitaka titani. Ya titani ingekuwa na gramu 5.

Titani ina uzito wa kama asilimia 58 ya chuma kwa ujazo uleule, na hapo ndipo sifa yake yote ilipo. Lakini tazama gramu 2 zinanunua nini. Jumla ya kinachorushwa sasa ni gramu 98: valvu 38, ritena 7, koleti 2, tapeti 40, springi 11. Gramu 2 kati ya 98 ni asilimia 2. Nguvu inayohitajika inakwenda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo asilimia 2 ya uzito inakupa asilimia 1 tu ya kasi. Mizunguko 80. Kwa mizunguko hiyo 80 unapokea kitu kinachotafunwa na ncha ya springi: springi huzunguka kidogo kidogo inapofanya kazi, na titani ikisuguliwa na chuma kigumu inachubuka, vumbi lake linaingia kwenye oili, na siku moja ukingo unakuwa mwembamba kuliko unavyojua. Anayeikagua baada ya kila mashindano atafaidi. Anayefungua kava mara moja kwa mwaka, chuma.

Kwenye injini zenye roka ndefu (mkono unaopeleka msukumo wa nundu kwenye valvu) hesabu hubadilika, kwani hapo gramu za upande wa valvu zina uzito kuliko za upande wa kamshafti. Na mbali zaidi ya hapo ni ulimwengu mwingine: Renault ilipochoka na springi za chuma kwenye Formula 1, mwaka 1986 iliziondoa kabisa ikaweka hewa iliyoshindiliwa mahali pake, na Ducati kwa miaka mingi imefunga valvu kwa nundu ya pili badala ya kuitegemea springi. Sisi tuna gari la kwenda kazini.

Kitu kimoja kuhusu ritena kisichosamehe: mteremko wa tundu lake lazima uwe uleule wa koleti. Zipo za nyuzi 7 na za nyuzi 10, na kwa macho ya haraka zinafanana. Ukichanganya, koleti zinashika kwa ukingo mmoja, zinaonekana zimekaa, halafu zinaachia. Nilipaka wino ndani ya ritena, nikabana koleti, nikaangalia alama: zimegusa urefu wote. Pia nikahakikisha kati ya nusu mbili za koleti umebaki mwanya kidogo pande zote mbili. Koleti za mfereji mmoja zikigusana zenyewe kwa zenyewe, hazibani tena shina.

Kufunga

Shingo ya ritena mpya ni fupi kwa 0.6 kuliko ya zamani. Vichwa vya gaidi nikavipunguza kwa kikata maalumu, 0.6 kwa zile za kawaida na 1.1 kwa mbili za silinda ya tatu, ili sili zote zikae usawa mmoja. Nafasi ya ritena na sili ikawa 11.5 kila mahali. Ukitoa mnyanyuo inabaki 1.9. Kuna tapeti klirensi, yaani mwanya kati ya nundu na tapeti, ya kama 0.2 ambayo kwa kweli inapunguza mnyanyuo, lakini siihesabu. Naiachia iwe akiba.

Halafu kimo cha kufungia. Hapa nilifanya kosa ambalo nalieleza kwa aibu ndogo: mara ya kwanza nilipima valvu zote 16 nikitumia ritena za zamani, kwa sababu ndizo zilizokuwa mkononi. Ritena mpya ilipofika, sehemu inayokalia springi ilikuwa imekaa juu zaidi kwa 0.3, na karatasi yangu nzima ikawa haina maana. Pima na vitu utakavyofungia. Kwa ritena mpya vimo vilikuwa kati ya 34.4 na 35.4. Tofauti ya milimita nzima ilitoka kwenye siti: kila siti inapochongwa, valvu inazama na shina linapanda. Springi ya 33 kwa milimita ikikaa kwenye 35.4 ina nyutoni 170, sio 200. Springi ileile, boksi lilelile, valvu moja ina asilimia 15 pungufu kuliko jirani yake, na injini nzima inaelea kwa kasi ya valvu dhaifu kuliko zote. Niliweka shimu za chuma chini ya visahani vya springi, za 0.3, 0.5 na 0.9 kulingana na kila mahali, mpaka zote zikawa kati ya 34.4 na 34.6. Visahani hivyo vya chini navyo si vya kuacha: hedi ni alumini, na springi ikikaa juu yake moja kwa moja inajichimbia.

Valvu na pistoni nilikagua kwa plastisini juu ya pistoni na springi laini za kupimia, kabla ya springi za kweli kuingia: 2.3 upande wa kuingiza, 2.8 upande wa kutoa. Nataka 2.0 na 2.5, hivyo tukasonga mbele.

Springi mpya sikuzigusa kwa koleo. Mkwaruzo mmoja kwenye waya unaobanwa mara 68 kwa sekunde ni mahali ufa utakapozaliwa. Zilioshwa, zikalowekwa oili, zikafungwa kwa mkono na kibanio.

Baada ya kuwasha, injini ilipata joto kwa mizunguko kama 2,000, ikazimwa, ikaachwa ipoe kabisa mpaka kesho yake. Springi mpya hupoteza kiasi fulani cha nguvu kwenye joto lake la kwanza, na ni bora zikaipoteza zikiwa hazijasukumwa. Nilitoa mbili nikazipima tena: kutoka 517 zimeshuka hadi 499. Kinachohitajika kwa gramu 98 kwenye 8,200 ni 368. Akiba ni asilimia 36.

Tukatoka. 7,800 ikapita kama haijawahi kuwepo, limita ikashika kwenye 8,200 kwa ule mdundo wake mmoja, na ukiachia mafuta hakuna moshi. Nilirudia bila gia, mara moja, jibu lilelile.

Wiki mbili baadaye kijana akapiga simu. Amefanya hesabu mwenyewe kwenye karatasi niliyomwachia, na ameona springi zinaweza kufika 8,600: kinachohitajika hapo ni nyutoni 404, na yeye ana 499. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Nikamwambia, “Ni kweli, lakini boliti za konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki, ni zile za kiwandani, na zenyewe zilipangiwa 7,200. Tulishaziongezea 1,000.” Limita imebaki palepale.